Aubin Castaing na Hatua Zake Arobaini

Baada ya miaka thelathini na sita ya kufyeka, kuziba mashimo na kugombana na kuku wa watu barabarani, mwenzetu Aubin Castaing anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2023. Nimefanya naye kazi katika ofisi ya meya wetu miaka ishirini na miwili, na leo nina furaha hata mwandiko unacheza.

Kijiji chetu cha Valgrisne amekimaliza chote kwa miguu, kuanzia darajani, ambako mashine ya kuvunia ya mkulima Rouvier hukwama kila Agosti, hadi kanisani kwenye mnara ulioinama. Mwaka mmoja alipanda maua kuzunguka sanamu ya mashujaa, yakachipuka vitunguu. Tulivipika supu, na vilikuwa vitamu kweli.

Lakini kubwa kuliko yote ni la mwaka jana. Wapimaji walikuja kuchora ramani upya, wakasema mpaka wetu unaishia kwenye jiwe la mpaka la chini, hatua arobaini kabla ya banda la kufulia la chemchemini. Yaani banda letu, tunapocheza dansi na kuchoma soseji kila Julai 14, sikukuu ya taifa, ni mali ya Tersannac, kijiji jirani. Ndipo Aubin akaungama kosa lake. Siku yake ya kwanza kazini aliambiwa afyeke hadi kwenye jiwe. Lile la kweli lilifunikwa na miiba, akalipita, akaishia jiwe jingine la juu, pale bandani. Tangu hapo amewafyekea majirani kila mwaka, na banda lao akalifagia na kulibadilishia vigae.

Meya wa Tersannac, Bi. Odile Fargeot, haachii hata kokoto. Alikuja kujionea mwenyewe, akamgeukia mfyekaji wake, Marcelin, palepale bandani.

"Wewe huku ulifyeka lini?"

"Mimi, Mheshimiwa? Kila nikija nakuta Aubin keshapita. Ningemwambia, si angeacha?"

Bi. Odile alicheka mpaka akashika ukuta. "Haya, lichukueni. Aliyelitunza ndiye mwenyewe."

Vijiji vyote viwili vikatia saini, ombi la kusogeza mpaka likapelekwa serikalini, na mwezi uliopita likarudi limekubaliwa. Banda ni letu, kwenye ramani na mihuri juu.

Aubin, tunakupenda na tunakushukuru. Uwe na pumziko refu, na magoti yasikuume. Kule bandani tumeshapangiana zamu ya kufyeka, na kwa heshima yako tutapitiliza hatua arobaini nyingine. Tersannac wasiambiwe.