Ramu Isiyoingia kwenye Kompyuta ya Mzee Saa

Mbele ya kibanda cha fundi saa kuna benchi lenye mguu mmoja wa tofali, na kila Jumapili mchana hukaliwa na watu wale wale: Mzee Saa mwenyewe, mwenye kibanda na birika la kahawa, Makufuli, anayechonga funguo ng'ambo ya barabara, Chaji, anayechaji simu za watu na kujihesabu mhandisi, na mimi, mwanafunzi wa chuo, ambaye wananiita Hoja kwa sababu neno bovu halinipiti. Ukiniuliza nafuata nini pale, nitakwambia kahawa. Bwenini Jumapili ukikohoa ukuta unakujibu, lakini hilo sijaulizwa. Siku hiyo mezani, katikati ya saa zilizofumuliwa, ilikaa kompyuta kuukuu ya mapajani, nene kama kamusi, na pembeni yake kijiti kipya cha ramu, kumbukumbu ya kompyuta. Ukutani saa zote zilisema saa tisa. Moja tu ilisema saa tatu. Hiyo Mzee ameiweka kwa saa za kule ng'ambo aliko binti yake.

— Inaganda, alisema Mzee Saa. Binti akipiga kwa picha namwona kidogo, halafu kimya. Mara ya mwisho aliganda mdomo wazi, kama mtu mwenye neno. Muuzaji akasema ongeza ramu. Nimeinunua, haiingii. Na muuzaji hakubali kurudishiwa kitu.

— Lete hapa.

Makufuli alikiinua kijiti kwenye mwanga, akafumba jicho moja.

— Mnaona hili pengo kwenye meno yake? Limekaa upande. Huu ni ufunguo tu, mzee wangu. Ufunguo ukigoma unasuguliwa kwa tupa kidogo, unaingia wenyewe.

— Unataka kupiga tupa ramu? nikauliza.

— Dada Hoja, mimi miaka ishirini nawafungulia watu nyumba zao. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Methali hiyo inahusu malezi.

— Na tupa imo.

Alikuwa ameshaitoa mfukoni. Nikakichukua kijiti mkononi mwake na kukiweka upande wangu wa meza, na hakuna aliyesema asante.

— Shida si pengo, alisema Chaji. Shida ni uchache. Kidole kimoja hakivunji chawa. Anunue vinne, avishindilie.

— Umeona nafasi ngapi humo ndani?

— Sista, mambo mengine huhitaji kuona.

Hapo ndipo damu yangu huchemka. Nusu saa nzima wanajadili tumbo la mgonjwa na hakuna aliyeinua shati.

— Halafu, Chaji akaendelea, mashine ya zamani ina staha zake. Ukiiletea kitu cha kizazi cha leo, kinaidharau. Wanagombana humo humo. Hujawahi kushika kompyuta ikawa ya moto? Ndiyo ngumi hizo.

— Umesogea, lakini hujafika, alisema Makufuli. Tazama ile saa ukutani. Kwa binti ni asubuhi, hapa ni mchana. Mashine inaletewa asubuhi ya mtu katikati ya mchana wake. Kiumbe gani hatashtuka? Inaganda kwa mshangao.

— Eh, hiyo imekaa, alisema Chaji.

— Haijakaa popote, nikasema.

— Hoja, kahawa yako inapoa, alisema Mzee Saa.

Simu ya Mzee Saa ikaita. Aliidaka kabla mlio wa kwanza haujaisha, hata namba hakuitazama, koleo la mkononi likaanguka chini.

— Haloo, mwanangu.

Akasikiliza. Sauti yake ikashuka ngazi moja moja.

— Ndiyo, mama. Mkanda uko tayari. Njoo tu, tupo.

Akainama kuokota koleo, akalitafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana lilikuwa pale pale mguuni. Sisi tukanywa kahawa.

Nikamwomba bisibisi yake ndogo kabisa, ile ya saa za kike. Nikaigeuza kompyuta, nikafungua skrubu kumi na moja na kuzipanga kwenye kifuniko cha birika kwa mfuatano. Mzee akanishikia taa. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kukaa kwenye benchi lile, Makufuli na Chaji waliacha kubishana, wakatazama mikono yangu.

— Nafasi ni mbili, nikasema. Moja ina kijiti cha zamani, nyingine tupu. Sasa Mzee, weka lenzi yako jichoni, usome karatasi iliyobandikwa kwenye hiki cha zamani.

— Pe, se, tatu, eli.

— Na hiki ulichouziwa?

— Pe, se, nne.

— Basi. Hiki kipya ni cha kizazi kingine. Lile pengo limewekwa mahali tofauti makusudi, kisiingie hata kwa bahati mbaya. Ungepiga tupa, ungeua kijiti na kompyuta. Tafuta PC3L. Hiyo L ni umeme mdogo, ndio iliouzoea mashine hii. Wakikupa isiyo na L, huenda isiwake kabisa. Hiki cha zamani ni cha giga mbili. Ongeza cha giga nne kwenye nafasi tupu, itapumua.

Makufuli alirudisha tupa mfukoni taratibu. Chaji akasema hayo ndiyo aliyokuwa akiyazungukia tangu mwanzo. Nilikuwa nimeshinda, na nakiri, nilikuwa nimeinua kidevu.

Ndipo akafika mama mwenye mkanda wa saa, yule wa simu, mkoba kwapani. Mzee alimfunga mkanda mkononi, akamsogezea kikombe. Mama akaitazama kompyuta iliyo tumbo wazi.

— Inaumwa nini?

— Inaganda, Makufuli akamjibu. Binti wa mzee akipiga kutoka ng'ambo, picha inaganda.

— Pole, baba. Akaionja kahawa. Lakini ikiganda, si anakupigia kwenye simu ya kawaida? Mimi nimekupata mara ya kwanza tu nilipopiga.

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia.

Makufuli alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye duka lake lililofungwa. Chaji aliinua birika, akalitikisa, halikuwa na kitu. Mimi ambaye kwenye midahalo ya chuoni hupewa dakika mbili na kujibu kwa moja, nilizihesabu skrubu. Kumi na moja. Simu yangu ilikuwa mfukoni, imejaa chaji, na nyumbani sijapiga tangu muhula uanze.

Mama akaaga, akaenda zake.

— Umesema pe, se, tatu, eli? Mzee Saa akauliza.

— Ndiyo, baba. Yenye L.

— Niandikie. Kwa herufi kubwa.

Nikamwandikia. Akaikunja karatasi, akaitia kwenye kopo la springi zake bora.

— Sasa zirudishe hizo skrubu, mwanangu. Binti hupiga saa kumi.

Nilizirudisha zote. Akaiwasha, akaielekeza usoni pake, akafuta kioo kwa kitambaa cha kufutia saa.

— Na nyinyi sogeeni kidogo. Asije akaona kundi, akadhani nina shughuli.

Tukasogea hadi mwisho wa benchi, kwenye mguu wa tofali, mabega yamebanana. Hakuna aliyeondoka.