Majina Aliyoyaandika Mwalimu Sifael Kaanaeli (1921–1957)

Ndugu waombolezaji, mimi ni Ndeshi, dada wa marehemu. Nimemtangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu. Shule aliyofundisha ilijitolea kutuchapia karatasi hizi, kwa sharti kwamba aya moja iondolewe. Nilikataa. Bwana Navin ametuchapia kwenye duka lake pale mjini, na aya yenyewe imo. Mtaisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Mei 1921 hapa Songoro, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Kaanaeli na Mama Ruth, akabatizwa Krismasi ya mwaka huohuo. Alikuwa mtoto mwoga. Alimwogopa jogoo wa nyumbani, akauogopa mto, akaiogopa hata kengele ya kanisa. Mwenyewe alilicheka jambo hilo hadi ukubwani.

Alianza masomo katika shule ya misheni Nkoaranga mwaka 1930, akamaliza ualimu Marangu mwaka 1941. Huko ndiko alikokutana na Elifuraha, naye mwalimu, wakafunga ndoa tarehe 9 Januari 1944. Mungu aliwajalia watoto wawili.

Alifundisha shule za vijijini kwa miaka kumi. Januari 1952 akahamia ile shule ya sekondari ya Kikristo ambayo nyote mnaijua. Jina lake silitaji mbele ya jeneza. Alifundisha hesabu, darasa la tisa na la kumi. Mifuko ya koti lake haikukosa ndizi za kuchemsha. Mwanafunzi akisinzia alimpa moja, akasubiri amalize, ndipo akamuuliza swali. "Kula kwanza, desimali haikimbii," alikuwa akisema. Elifuraha alilifua koti lile hadi akachoka kulalamika.

Sasa aya yenyewe. Mwaka 1954 Mkuu wa shule alianzisha mpango wa kuwasaidia wanafunzi walioachwa nyuma. Kila Ijumaa mwalimu wa hesabu aliandika majina yao, ili wafundishwe saa kumi jioni wenzao wakiwa uwanjani. Ndugu yangu aliupenda mpango ule kwa moyo wote. Hakuandika majina matupu. Aliandika: huyu haoni vizuri ubaoni, huyu baba yake anaumwa, anawaza nyumbani, huyu apewe mwezi mmoja tu, atafika. Machi 1956 vijana saba wa darasa la kumi waliokuwa kwenye karatasi yake waliambiwa wafunge masanduku, warudi kwao wakasubiri barua. Hiyo barua haijaandikwa mpaka leo. Serikalini ikapelekwa taarifa kwamba wamejiondoa wenyewe. Novemba ile shule ilifaulisha wote waliobaki, ikapigwa picha, ikasifiwa, na kanisani tukaambiwa tumshukuru Mungu. Jamani! Kumshukuru Mungu kwa uchafu ule! Mimi niliimba pamoja nanyi, kwa sababu sikujua.

Mngependa niishie hapo, nimwite ndugu yangu mtu aliyedanganywa. Hata mimi ningependa. Lakini Machi 1957 aliandika tena. Safari hii majina matano, naye alijua yanakokwenda. Alikuwa akikaa katika nyumba ya shule, yenye sakafu ya saruji, watoto wakisoma palepale, akaogopa. Kati ya hao watano alikuwamo Bariki, mtoto wa Ephraimu, kijana aliyepungukiwa jometri na miwani, basi. Nilipoambiwa nilimwendea Sifael nikamwambia, "Umenitia kinyaa." Tukakaa wiki sita hatusalimiani, mimi na ndugu yangu wa tumbo moja.

Tarehe 3 Juni alirudisha ufunguo wa nyumba, akaja kwangu na mke, watoto na vitabu. Akaniambia, "Dada, nimechelewa, lakini nimekuja." Alipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wale watano, akawaomba radhi mbele ya wazazi wao. Shule nyingine, ya Moshi, ikakubali wafanyie mtihani huko. Wanne wamekuwa wakisoma kila siku katika banda langu la kahawa. Bariki hakuja. Baba yake alikataa. Marehemu alikwenda kwa Ephraimu mara tatu, akapiga hodi, na mlango haukufunguliwa. Mara ya tatu ilikuwa Agosti, siku ya ukungu na manyunyu, akasimama nje tangu asubuhi hadi adhuhuri. Alirudi anatetemeka.

Kifua kilimbana tangu siku ile. Septemba tulimpeleka hospitali, madaktari wakasema ni homa ya mapafu. Walimu wenzake walimletea kadi yenye maua. Hakuna aliyekaa. Siku mbili kabla ya kufa alinishika mkono akasema, "Dada, utakaponiandika usinifanye malaika. Andika kwamba mara ya pili nilijua." Nimeandika, mdogo wangu. Alifariki Jumamosi tarehe 12 Oktoba 1957, saa tisa mchana, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita.

Ameacha mjane, Elifuraha, watoto wawili, mama yetu, ambaye ameketi hapa mbele, mimi dada yake, na wanafunzi wanne waliolibeba jeneza hili asubuhi ya leo. Shada la maua lililotoka shuleni nimeliweka kule getini. Atakayelitaka akalichukue.

Baba Bariki, nakuona umesimama pale kwenye migomba, hukusogea hata tulipoomba. Sikuombi umsamehe. Alimfukuzisha mtoto wako kwa mkono wake, na ungekuwa wewe umenifanyia hivyo ningekuchukia mpaka kufa. Mtihani ni Jumatatu tarehe 18 Novemba, na nafasi ya Bariki Moshi bado ipo. Kesho saa mbili asubuhi Elifuraha ataanza kufundisha jometri bandani. Mchukie Sifael upendavyo, amekwishakufa, hutamuumiza. Mtoto mlete.

Mungu wa rehema ampokee na kumpumzisha.