Mama Miche na Shamba Lisilouzwa

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu asubuhi hii ili kumsindikiza mwenzetu, familia imemchagua mdogo wake wa kiume, dereva wa lori mstaafu, awasomee historia hii, naye kabla hajaanza anaomba radhi, kwa sababu marehemu hakupenda maneno marefu, na mdogo wake hajui mafupi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Miche, alizaliwa tarehe 22 Mei 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, na kwa kuwa mama yao alikuwa kibarua wa kutwa nzima pale kiwandani, huyo wa kwanza ndiye aliyembeba, akamlisha na kumchapa huyo wa pili, ambaye leo amesimama mbele yenu.

Alianza darasa la kwanza Januari 1964, akamaliza la saba Novemba 1970, hodari wa hesabu na mbishi wa kupindukia, kiasi kwamba mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kuwa mtoto huyu hujibu hata asipoulizwa, na mama yao alipoisoma alicheka hadi akakaa chini.

Tarehe 3 Juni 1974 aliajiriwa katika chumba cha kufulia nguo za hospitali, na kwa miaka kumi na tano alikamua mashuka, akabeba mabeseni yaliyojaa maji kutoka kwenye karo hadi kwenye kamba, ngazi kumi na moja kupanda na kumi na moja kushuka, na ni kwenye ngazi hizo mgongo wake ulipoanza kuuma, ingawa ukimpa pole alikujibu kwamba mgongo ni wake na ataumwa nao anavyotaka.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na fundi seremala, mtu mrefu, mpole, asiyependa kukosolewa, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza wa kike mwaka 1982, wa pili wa kiume mwaka 1985, na kitinda mimba wa kike tarehe 9 Agosti 1989, mwezi uleule ambao hospitali ilileta mashine za kufulia na kuwaambia wanawake wa karoni waende nyumbani. Marehemu hakwenda nyumbani. Alikwenda kwenye kile kiwanja cha robo tatu ya eka ambacho mama yao aliwaachia yeye na mdogo wake bila kukigawa, akang'oa magugu na kupanda kwa miezi saba, na mwezi Machi 1990 akavuna kabichi zake za kwanza, kumi na nne kwa hesabu, moja ikiwa imeliwa na panya hadi katikati, na hiyo ndiyo aliyompa mdogo wake kama fungu lake la urithi.

Hali ya hewa haikumbembeleza hata siku moja. Mwaka 1997 mafuriko yalisomba karoti zote pamoja na uzio, mwaka 2000 jua liliwaka miezi mitano hadi kisima kikabaki tope, na marehemu alimwagilia miche kwa maji ya kuogea, akiwasimamia watoto wake waoge wakiwa ndani ya beseni, tena haraka, kwa sababu spinachi zinasubiri. Aliongea na mboga zake, tena si kwa upole, aliwahi kusikika akiiambia nyanya moja kwamba kama haitaki kuiva basi iseme.

Tarehe 2 Septemba 2003, akiwa ameinua keni mbili za kumwagilia maji kwa pamoja, alianguka na hakuweza kuinuka, akapelekwa hospitali, na daktari akamwambia kwamba pingili za mgongo zimebana mshipa na kuanzia siku hiyo ni marufuku kuinama. Marehemu alimuuliza daktari kama amemkataza kulima au amemkataza kuinama, daktari akasema kuinama, naye akasema, "Basi tumeelewana."

Mumewe alimjengea meza za mboga, masanduku ya mbao yenye kina cha shubiri moja na nusu, yenye matundu ya kutolea maji chini, yaliyojazwa udongo na samadi na kuinuliwa juu ya miguu minne minne, ili mtu apande, apalilie na kuvuna akiwa amesimama wima. Alijenga meza thelathini, kazi safi kabisa, ila alipima urefu kwa kiuno chake mwenyewe, na mkewe alikuwa anamfikia kifuani. Mwezi mzima marehemu alilima akiwa amesimama juu ya kreti la soda, mwezi mzima fundi akishikilia kwamba atazoea, hadi Jumamosi moja alipochukua msumeno na kukata miguu mia moja na ishirini, kuanzia asubuhi hadi jioni, na mkewe akampelekea chai akimwambia kazi yake ni nzuri, kana kwamba hajui kinachokatwa ni nini. Walipendana sana hawa watu, tuseme ukweli, na fundi alipofariki tarehe 19 Julai 2013, marehemu alikonda mpaka nguo zikamkataa.

Hapa msomaji anafika mahali ambapo angependa kuparuka, lakini familia imekataa. Januari 2014 mdogo wake aliitisha kikao cha ukoo akitaka kiwanja kiuzwe kwa mtu mmoja wa gereji, akasema dada amekuwa mjane, mgongo umekwisha, mvua hazieleweki, apumzike, na yote hayo yalikuwa kweli, ila kweli nyingine aliyoificha ni kwamba yeye mwenyewe alilitamani lori jipya. Kikao kilimuunga mkono. Marehemu, aliyekuwa amesimama kwa sababu kukaa kulimuuma, aliomba jambo moja tu, kwamba wangoje hadi tarehe 14 Aprili, maana siku hiyo shule ya bweni inafungua na mpishi mkuu ameagiza makreti ishirini ya mboga za majani, "yakipungua hata moja," alisema, "nauza mwenyewe, na kalamu nitaleta mimi."

Alhamisi tarehe 13 Machi ikanyesha mvua ya mawe kwa dakika ishirini, na ilipokatika hapakuwa na jani zima shambani. Kesho yake asubuhi mdogo wake alifika na yule mtu wa gereji pamoja na futi ya kupimia, akiamini mambo yamekwisha, wakamkuta marehemu amekwishakata spinachi zote hadi shinani ili zichipue upya, na sasa anachanganya mbegu za mchicha na mchanga mkavu, kwa kuwa mbegu hizo ni ndogo mno na bila mchanga humwagika fungu moja. Hakuwafukuza. Alimwambia mtu wa gereji, "Shika hili beseni, baba, mimi siwezi kulibeba," na yule bwana akalishika, akamfuata meza kwa meza kwa saa mbili, viatu vyake vyeusi vikageuka rangi, na alipoondoka alimwambia mdogo mtu kwamba shamba lile halina mwuzaji.

Wiki ya tatu mgongo ulikaza, marehemu akalala chali sakafuni siku tisa, akimwelekeza jirani yake, fundi cherehani, kwa kupiga kelele kupitia dirishani, maji kidogo, si hapo, nimesema kidogo, na fundi cherehani, ambaye yupo hapa, ni shahidi kwamba hajawahi kugombezwa vile hata na mama mkwe wake. Jumatatu tarehe 14 Aprili, saa moja asubuhi, makreti yalikuwa ishirini na mawili, na marehemu akampigia simu mdogo wake akamwambia, "Lori si unalo? Njoo ubebe." Akaenda, akabeba, na kila Jumatatu ya muhula aliendelea kubeba, miaka kumi na moja.

Mwaka 2024 miguu ilianza kumvimba na pumzi kumpungua, madaktari wakagundua kwamba moyo umechoka, na tarehe 27 Oktoba 2025 akalazwa. Wodini aliuliza habari za meza kabla ya habari za watu, akamtuma mdogo wake akahesabu majani ya miche ya mstari wa tatu, na yule mzee wa miaka sitini na sita akaenda, akainama, akahesabu, akarudi kumjibu kuwa ni manne manne, naye akafurahi, akasema wiki ijayo ihamishwe. Alifariki Jumamosi tarehe 8 Novemba, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na tisa, ameacha watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo waliovumilia amri zake, wenzake wa chumba cha kufulia waliofika wakiwa wanne kati ya tisa, fundi cherehani, majirani waliokesha nasi, na mpishi mkuu wa shule, ambaye alituambia tusijali kuhusu Jumatatu. Tulijali. Juzi Jumatatu makreti ishirini na mawili yalifika jikoni saa moja na nusu, na miche ya mstari wa tatu imehamishwa.

Dada, jana kikao cha ukoo kilikaa tena kuhusu kiwanja, kikachukua dakika nne. Aliyesimama kwanza ni mimi, na sikusema tuuze. Binti yako wa mwisho ameacha kazi mjini, ameanza leo alfajiri, na mimi namsaidia kumwagilia, kwa hiyo tusamehe tukichelewa kidogo kukuzika, tulikuwa shambani. Nilikukosea, ukanipa kazi badala ya kunisema. Pumzika kwa amani, dada yangu, shamba haliuzwi.