Sahani Iliyorudi na Kawa Lake

Assalaam alaykum, wenzangu. Na nyinyi mliotoka bara mkatukuta hapa, salamu zenu nazipokea kwa mikono miwili. Wakubwa wote, shikamooni. Naona wengine mmeshaanza kuchungulia masufuria kule nyuma. Tulieni! Chakula hakiendi popote, na leo hakipakuliwi mpaka niseme nilichoitwa kusema.

Mnanijua, mdomo wangu hauna pazia. Lakini hili sijawahi kulisimulia mbele za watu tangu mwanzo hadi mwisho. Majina sitaji. Atakayesikia yanayomhusu ajikaushe tu, na nyinyi wengine msigeuze shingo kumtazama.

Binti yangu mnamwona, yule pale anayechota mchanga kwa kifuu. Wakati huo alikuwa hajaanza shule. Tunakaa hapahapa Miburani, kisiwani kwetu Mafia. Baba yake ni mvuvi, muda mwingi yuko dago, kwenye kambi za uvuvi huko visiwani, kwa hiyo nyumbani ni mimi na mtoto. Tunapakana ukuta na mama mmoja mtu mzima, mpishi. Jamani, mpishi! Mchuzi wake wa samaki ukiupakua hautiririki, unatulia juu ya wali kama umeambiwa ukae hapo. Mtaa mzima ulikuwa unamuuliza, "Mama, unatia nini?" Naye anacheka, "Samaki, nazi na mkono wangu." Basi. Siri hiyo aliirithi kwa bibi yake aliyetoka Kusini, na hakuna aliyewahi kumtoa neno zaidi ya hapo. Na sisi sote ndivyo tulivyo, tusijifanye. Mtu utampa kuni, utampa mbegu, utamlelea na mtoto. Akikuuliza umetia nini kwenye sufuria, unamwambia, "Vilevile kama vyako."

Huyu mama alimpenda binti yangu kama mjukuu wake wa kumzaa. Akipika kizuri, sahani ya kwanza inakuja kwangu imefunikwa kawa, samaki keshachambuliwa miiba yote. Na mimi sahani yake haikurudi tupu hata siku moja. Kama sina kitu, natia hata ndimu.

Siku moja mchana mtoto alikuwa amekula akashiba, mara midomo ikaanza kumvimba. Vipele vikamtoka shingoni. Aliyesema joto alisema, aliyesema kaumwa na mdudu alisema, na aliyeninong'oneza habari za jicho la watu naye alikuwepo. Nikamwogesha, nikampaka mafuta ya nazi. Jioni akawa mzima, anakimbizana na kuku. Nikasahau.

Laiti nisingesahau! Baada ya wiki kadhaa tulikula tena mchana, nusu chakula changu, nusu cha jirani. Mimi niko uani naosha vyombo, nikamsikia anakohoa. Kikohozi kikavu. Kisha akanyamaza. Akina mama mnakijua kile kimya ambacho mtoto hajalala. Nikageuka. Uso wa mwanangu sikuutambua. Macho yamefumba kwa uvimbe, midomo imejaa, na pumzi inaingia kwa mluzi, inatoka kwa mluzi.

Nilimbeba nikatoka peku, mikono ina povu la sabuni. Nikasimamisha bodaboda, nikamwambia, "Kaka, hospitali, Kilindoni, usiniulize kitu!" Mchanga wa njia yetu mnaujua. Pale kwenye kona gurudumu likazama, yule kijana akasema, "Dada, shuka kidogo nisukume." Nikashuka. Nimesimama jua la utosini, nimeweka sikio mdomoni mwa mwanangu, nasikiliza kama mluzi bado upo. Ulikuwa unapungua. Nilipiga kelele, na simjui niliyekuwa nampigia. Watu wawili waliokuwa wanapita na baiskeli wakazitupa chini, wakaiinua pikipiki na mchanga wake, tukaondoka.

Kufika hospitali tu, alipigwa sindano ya paja. Tukakaa. Yarabi, kule kukaa! Kisha mluzi ukaanza kulegea kidogo kidogo, akafungua jicho moja, akaniambia, "Mama, mbona huna viatu?"

Nesi aliyekuwa zamu, dada mmoja wa bara, akanikalisha pembeni. "Mama, huu ni mzio. Kuna chakula ambacho mwili wa mtoto unakiona adui, na sisi bado hatujui ni kipi. Kitafute, maana safari nyingine huenda msitufikie."

"Nitakitafutaje?"

"Leo amekula nini?"

Nikamtajia vya kwangu vyote mpaka chumvi. "Na mchuzi wa jirani. Una samaki na nazi."

"Una hakika ni hivyo tu?"

Sufuria la kwangu nalijua mpaka chini, la jirani sijapata kulifunua. Akaniambia, "Basi mpaka tujue, asile kitu ambacho hukukiona kikitiwa jikoni."

Ndugu zangu, nawaambia, neno hilo kulisema ni rahisi. Litekeleze basi hapa kisiwani! Hapa ambapo mtoto hulishwa na kila mlango anaopita. Na Ramadhani ilikuwa mlangoni.

Nilimwendea jirani kwa adabu zote. "Shikamoo mama. Naomba uniambie, mchuzi wako una nini? Mtoto anaumwa, hospitali wameniuliza."

"Marahaba. Samaki, nazi na mkono wangu."

"Mama, safari hii si mzaha."

Akaniangalia. Tabasamu likamfutika usoni. "Hata wewe? Wenzio walinijia na maneno matamu, wewe umeona upitie mgongoni kwa mtoto?" Alidhani naiwinda siri yake! Mimi na hasira zangu nikaondoka bila kuaga.

Siku ya kwanza ya mfungo, kabla ya magharibi, sahani ikaja na kawa lake. Mtaniuliza, si ungepokea ukala mwenyewe? Nilijaribu. Nilipogeuka kuchota maji, huku nyuma mtoto keshafunua kawa, kidole kinaelekea kwenye mchuzi. Mtoto yule kawa la bibi yake analijua kuliko khanga zangu. Nilimvuta mkono nusura niung'oe. Akalia. Na chakula cha watu, mwezi mtukufu, nikamwage? Sikuweza. Nikaichukua sahani ile ile, na kawa lake, na mchuzi wake haujaguswa, nikairudisha.

Lo! Hata adhana haijatulia, kasimama mlangoni kwangu. "Sahani yangu umenirudishia kama ilivyotoka. Sema mbele ya Mungu, umeniona mchawi?"

"Mama, sikusema hivyo."

"Mtoto huyu nimemlisha tangu hana meno! Sema, nimemtilia sumu?"

"Sijui umetia nini, ndiyo shida yangu! Sijui!"

Watu wakasikia. Neno likatembea mtaani kuliko pikipiki. Bombani nikifika, wanaochota maji wananyamaza. Ikasemwa natuhumu watu uchawi, ikasemwa najivuna. Na mimi kwa kuwa sahani moja nimeirudisha, nyingine zote zikakoma zenyewe. Tukawa tunafuturu wawili, mlango tumefunga, tunasikia wenzetu wanaitana. Mtoto akaniuliza, "Mama, bibi amenikasirikia mimi?" Nikamsogezea sahani yake. Nilikuwa naogopa, wenzangu. Nilifika mahali naogopa hata sufuria langu mwenyewe. Kila tonge analotia mdomoni namtazama midomo, nahesabu pumzi zake. Baba yake akipiga simu kutoka dago nasema tuko salama, kisha nakata nalia.

Aliyenitoa shimoni ni mwenzetu mmoja wa bara, mwalimu, mnamjua kwa kicheko chake. Alikuja saa za alasiri na ndizi mbichi kichwani na mzigo wa kuni, akaniambia, "Kama huwezi kula tulichopika kwetu, tutapika kwako, na macho yako yakiona." Akafunga khanga, akainama jikoni kwangu bila kusubiri jibu. Kila anachotia anakitaja kwa sauti: "Kitunguu hiki. Ndizi hizi. Chumvi hii hapa, itazame." Nilicheka, siku nyingi sijacheka.

Kesho yake akaja na mwingine. Wakafika wengine. Ndiyo mwanzo wa mkusanyiko huu, mliokuwa hamjui. Na mtu akianza kutaja anachotia, hakomi hapo, anakwambia na kwa nini. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba tui zito linaingia mwisho, na ukishalitia usiache kukoroga wala usifunike, litakatika. Mmoja akatuonyesha samaki anakandwa ndimu na chumvi kwanza, anakaa, ndipo anaoshwa. Mwalimu naye tukamfundisha kuchagua nazi kwa kuitikisa sikioni, maana alikuwa anauziwa koroma, nazi ambazo hazijakomaa, kila siku, masikini. Mwanangu alikuwa anakula, na midomo yake haivimbi. Lakini adui bado hatujamjua. Na jirani hakuja. Nilikuwa nikisikia kinu chake kinatwanga upande wa pili wa ukuta, na moyo unaniuma.

Ikafika Idi. Mnajua Idi yetu, watoto hawana kwao siku hiyo, wanaingia nyumba hii wanatoka ile, na kila nyumba kuna sinia. Nilimvalisha gauni jipya, nikamshika mkono asubuhi nzima, akaninunia. Wakaingia wageni. Nikauachia mkono ule nipeane salamu, mara moja tu. Nikatazama chini, mtoto hayupo.

Sikuuliza. Nilijua alikokwenda. Nilipita katikati ya wageni wangu nikakimbia, ushungi ukabaki kwenye msumari wa mlango. Nikaingia uani kwa jirani. Kumejaa: wakwe zake, ndugu zake wa Chole, watoto wamezunguka sinia kwenye mkeka. Na mwanangu yuko katikati, tonge mkononi, mchuzi unamchuruzika vidoleni, mkono uko karibu na mdomo.

Nilifungua mdomo nipige kelele. Ndipo nikaona. Mkono ule haukuwa unakwenda. Jirani alikuwa ameushika kifundoni, ameushika kwa nguvu.

"Fungua kiganja, mjukuu wangu," akamwambia. "Mwaga. Usilambe. Usilambe, mama."

Tonge likaanguka. Akaagiza maji na sabuni, akamwosha kidole kimoja kimoja. Akaniinulia uso. Akasema, mbele ya wakwe zake, mbele ya wale wote waliomwomba miaka nenda miaka rudi akawakatalia:

"Natwanga korosho mbichi. Ndiyo siri yangu. Natwanga korosho nachanganya na tui. Tangu niliposikia kwako watu wanapika kwa kutaja, sina amani. Nimekumbuka. Mara zote alizoumwa alikuwa amekula kwangu. Sikujua kama korosho inaweza kumdhuru mtu, wallahi sikujua. Ni korosho tu, mwanangu. Ni korosho."

Nikakaa palepale mkekani. Korosho! Kwangu mimi haziingii, sijawahi kuzipenda hata za kukaanga, ndiyo maana kwenye chungu changu sikumkuta adui hata siku moja. Baadaye tulimpeleka Dar, daktari akampima, akathibitisha ni hizo hizo, akasema mzio huweza kuanza hata kwa chakula ambacho mtoto amekizoea. Lakini mimi siku ile sikuhitaji kipimo. Tulikumbatiana tukalia mpaka mgeni mmoja akasema taratibu, "Kumbe korosho..." Akakatwa jicho akanyamaza. Najua Idi iliyofuata nusu ya Mafia ilipika mchuzi mzito!

Sasa nishukuru. Namshukuru Mungu. Nawashukuru wale wa baiskeli, mpaka leo siwajui. Namshukuru dada nesi aliyeniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake, na mwalimu aliyeinama jikoni kwangu bila kualikwa. Na wewe mama, jina sikulitaja. Kitu ulichoachiwa na bibi yako ulikitoa uani mbele za watu ili mwanangu apumue. Sina cha kukulipa.

Somo langu ni dogo. Ukipeleka sahani kwa mwenzio, peleka na maneno yake. Sema umetia nini. Ukiulizwa, usidhani unaibiwa. Anayeuliza huenda amebeba mtoto.

Haya, masufuria. Utaratibu mnaujua, halili mtu mpaka aliyepika asimame ataje. Naanza mimi. Langu ni kunde na bamia: kitunguu, nyanya, bizari, chumvi, tui la nazi mbili. Kunde nililoweka jana. Hakuna kingine.

Mama, zamu yako. Simama tu, tunakusikia... Mmesikia? Samaki, nazi, na muhogo uliopondwa badala ya korosho. Na kinu cha zamani, kile cha korosho, kakipindua, kuku wanalala juu yake. Ndimu, chumvi, pilipili. Na mkono wake, anasema, nao tuuandike!

Binti yangu, acha huo mchanga. Nawa mikono vizuri, uje ukae hapa karibu na bibi yako, ule.