Oikawa Shigemitsu na Barabara ya Karasawa, 1937–2023

Ndugu, jamaa na majirani wa zamani, asanteni kwa kupanda hadi huku. Leo, tarehe 29 Aprili 2023, tunamzika kaka yangu, Oikawa Shigemitsu. Majivu yake yamekaa nyumbani kwangu Tobinai tangu Februari, yakingoja theluji iyeyuke tupate njia.

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1937 katika kitongoji hiki cha Karasawa, mtoto wa kwanza wa mzee Kanzo, mchoma mkaa, na mama Tome. Barabara haikuwapo. Palikuwa na njia ya farasi tu, iliyotoka mji wa pwani wa Hamasaki, ikafuata mto, ikapanda mlima kwa kona thelathini na moja, ikapita hapa kwetu, kisha ikateremka hadi Tobinai. Chumvi na samaki wakavu vilipandishwa nayo, mkaa ukateremshwa nayo.

Alisoma shule ya msingi hapa Karasawa, kisha sekondari ya chini Tobinai, akamaliza mwaka 1953. Siku moja mwalimu aliwaambia wachore ramani ya Japani. Shigemitsu alichora njia yetu, kona zote thelathini na moja, na karatasi iliyobaki akaiacha nyeupe. Alipoulizwa Tokyo iko wapi, alijibu kwamba bado hajafika.

Mwaka 1955 mkoa ulianza kuipanua njia ile, naye akaajiriwa kuvunja miamba kwa nyundo. Mwaka 1961 ilitangazwa kuwa barabara ya mkoa, kilomita arobaini na saba, na miaka miwili baadaye alikabidhiwa greda la kuondolea theluji. Aliliendesha majira ya baridi thelathini na manne. Kila theluji ilipoporomoka aliandika kwenye daftari tarehe, kona na kina. Februari 1970, kwenye kona ya tisa, theluji ilimfunika Chiba Minoru, mdogo wake Yasaburo, na Yasaburo ndiye aliyekuwa rafiki mkubwa wa marehemu. Marehemu na Yasaburo walichimba siku mbili, bega kwa bega, wakamtoa amekwisha kufa.

Alifunga ndoa tarehe 8 Mei 1966 na Fusae, binti wa mshona nyavu wa Hamasaki. Bibi harusi alipandishwa kwa lori pamoja na sanduku lake la nguo, akatapika karibu kila kona. Alipofika alimwambia mama yetu kwamba hatarudi kwao kamwe. Si kwa mapenzi, ila zile kona hatazipita tena. Walijaliwa binti mmoja, Chizuru, mwaka 1969.

Sasa nifike mahali ambapo wengi wenu mnapajua, na ambapo Chizuru aliniomba nisiparuke.

Mwaka 1978 mkoa ulipanga kuchimba handaki. Kulikuwa na njia mbili: chini ya Karasawa, au kupitia bonde la Nukazawa, kilomita kumi kusini. Handaki likipita kwetu, kitongoji kingepona. Likipita kwingine, tungebaki pembeni. Jioni ya kuamkia mkutano wa mkoa na wanakitongoji, Yasaburo, aliyekuwa mwenyekiti wetu, alikuja kunywa chai. Nilikuwapo, nimekuja kumwona mama.

“Shige, kesho wakikuuliza habari za theluji, we sema hukumbuki,” alisema. “Sikuombi uongo. Nakuomba unyamaze tu.”

Kaka yangu alimmiminia chai nyingine. “Na kona ya tisa, Yasa?”

“Minoru ni wangu mimi. Usimtumie kunifunga mdomo.”

Aliondoka bila kuigusa ile chai.

Kesho yake, tarehe 14 Novemba, ndani ya ukumbi wa shule, mhandisi alimuuliza marehemu ni upande gani ulio salama. Alisimama akafungua daftari, akasoma maporomoko sitini na mawili ya upande wetu, moja baada ya jingine. Kisha akasema Nukazawa ameshuhudia matatu tu. Akakaa.

Handaki lilikwenda Nukazawa. Msimu wa kupanda mpunga hakuna aliyefika shambani kwao kusaidia. Fusae akipita, wanawake walikatiza mazungumzo. Hakuwahi kumlaumu mumewe, ila kwa neno moja tu, ambalo alinisimulia mwenyewe: “Baba Chizuru, ungeniambia kwanza. Si kwamba ningekukataza. Ningejiandaa.”

Handaki lilifunguliwa Oktoba 1987. Tangu siku hiyo hakuna gari lililofunikwa na theluji kati ya Hamasaki na Tobinai. Tangu siku hiyo pia basi liliacha kuja Karasawa. Kaya zilikuwa arobaini na moja. Shule ilipofungwa mwaka 1996 zilibaki kumi na mbili. Fusae alifariki mwaka 2009, na baada ya hapo zilibaki nyumba mbili, ya marehemu na ya Yasaburo, zikitazamana ng'ambo ya barabara. Kaka yangu alikuwa amekwisha kustaafu, lakini kila asubuhi ya theluji alisafisha kwa koleo mlango wake, kisha mlango wa pili. Wale wawili hawakusemeshana.

Mwaka 2013 Yasaburo alichukuliwa na mwanawe kwenda mjini. Alipokuwa anapanda gari alimgeukia marehemu na kusema, “Haya, barabara ni yako sasa.” Kaka alinipigia simu kuniuliza kama lile lilikuwa tusi au zawadi.

Aliishi peke yake miaka tisa. Mvua ya 2019 ilipoubomoa upande wa pwani wa barabara yetu, mkoa ukaweka geti na kuuacha. Aliendelea kufyeka majani na kuzibua mifereji hadi kwenye geti. Nilimsihi ahamie kwangu. Aliniambia, “Mitsue, nikitoka mimi, itaandikwa kwamba hapa hapana mtu.”

Septemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Tarehe 20 Januari alizidiwa, akapelekwa hospitali ya Hamasaki kwa gari la wagonjwa. Kwa miaka thelathini na mitano hakuwahi kupita kwenye lile handaki hata mara moja. Alikuwa amelala, Chizuru amemshika mkono.

“Tumeshaingia?” aliuliza.

“Tumeshatoka, baba.”

“Upesi hivyo,” alisema.

Alifariki tarehe 3 Februari 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka themanini na mitano. Karasawa sasa haina mkazi.

Marehemu ameacha binti, Chizuru, wa Sendai, mjukuu, Honoka, na mimi, Mitsue, mdogo wake. Ameacha pia Chiba Yasaburo, mwenye miaka themanini na minane, ambaye hawezi tena kutembea. Alipiga simu wiki iliyopita akaomba jina lake liwekwe kwenye karatasi hii. Nilimuuliza liandikwe kama nani, akakata simu.

Nimeliandika: jirani.

Lala kwa amani, kaka yangu.