Ghorofa Tatu, Ghorofa Saba: Kumuaga Mzee Chemba

Ijumaa, tarehe 28 Juni, Mzee Chemba anakabidhi ofisi baada ya miaka thelathini na minne katika Idara ya Mipango Miji. Aliingia akiwa mchoraji ramani, anatoka akiwa afisa mwandamizi wa matumizi ya ardhi, na katika muda wote huo hakuwahi kuidhinisha ghorofa hata moja kabla ya kwenda mwenyewe mtaani kufunua mifuniko ya chemba za majitaka.

Jina lake limetoka hapo. Wengine walipima viwanja kwa rula mezani. Yeye alianzia nyumba ya mwisho bondeni, ile inayopokea uchafu wa mtaa mzima, akamuuliza mama mwenye nyumba choo kinarudisha maji siku zipi. Dereva wa idara alilalamika kikaoni kwamba gari lake linanuka kuliko lori la taka. Mzee alimshauri afungue dirisha, kwani huo ndio mji wenyewe.

Kanuni zetu za msongamano wa majengo, zinazoamua kiwanja kibebe ghorofa ngapi, yeye ndiye aliyeziandika upya kwa lugha ambayo hata fundi mwashi anaielewa. Mitaa minne ya bondeni haijafurika majitaka tangu hapo. Mafanikio kama hayo yalistahili makala ya furaha tupu. Lakini aliyepewa kalamu ni mimi.

Mimi nani? Ni yule mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepanda juu ya kiti kwenye kikao cha wananchi, miaka miwili iliyopita, bweni letu lilipoombewa ghorofa saba likapewa tatu. Tulikuwa tukilala wanane katika chumba cha wawili. Nilimwita Mzee Chemba, aliyetoa uamuzi huo, kibaraka wa wenye nyumba za kupangisha, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Yeye alisimama akauliza, "Wanangu, mmefunua karatasi ya pili?" Tukamzomea mpaka akaketi.

Karatasi ya pili ya uamuzi wake ilibanwa nyuma ya ya kwanza, kwa pini moja, kwenye ubao wa matangazo. Ilisema ghorofa saba ziruhusiwe mara tu bomba la majitaka la mtaa litakapobadilishwa. Alikuwa ameliomba bomba hilo kwa maandishi mara tatu. Ni msomi gani anayeshindwa kunyanyua karatasi? Ni mimi, niliyejifunza kuhutubia kabla ya kujifunza kusoma. Watu mia mbili na kumi na wawili walitia sahihi lalamiko nililoliandika kumshtaki kwa ukibaraka huo, likaingia katika jalada lake la utumishi. Na mtumishi mwenye lalamiko lisilofungwa hapewi barua ya utumishi mwema, hata awe na miaka thelathini na minne.

Haya niliyajua mwaka huu, nilipoletwa idarani kwa mafunzo kwa vitendo nikakalishwa meza moja naye. Hakunikumbusha hata siku moja. Mkuu wa idara alipouliza nani aandike wasifu huu, Mzee alininyooshea kidole: "Mpeni huyu. Kunisema ana uzoefu." Ofisi nzima ilicheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Jumatatu nilimwonyesha rasimu ya barua ya kulifuta lalamiko. Niliandika kwamba yeye ndiye aliyeonewa. Akalikata neno hilo kwa kalamu nyekundu. "Mimi nalala kwangu, mwanangu. Walioonewa bado wamo wanane chumbani. Weka na bomba."

Jana afisa utumishi aliipokea barua hiyo ikiwa na aya mbili. Ya kwanza inakiri kwamba lalamiko langu lilikuwa uongo. Amelifunga, na barua ya utumishi mwema inachapwa. Ya pili inaomba bomba kwa mara ya nne, safari hii kwa sahihi yangu. Hiyo haijajibiwa.

Mzee Chemba, idara inakushukuru, nami nakuomba radhi mbele ya wote wanaosoma jarida hili. Ukae nyumbani kwa afya tele na usingizi wa kushiba. La bomba tuachie sisi.