Anayeita Ndotoni

Basi la Bunda kwenda Musoma lilikuwa limeshika mwendo Hilda aliposikia mama wa kiti cha mbele akimuuliza mzee jirani yake, "Mzee wangu, kitabu gani hicho hukiachi toka Bunda?"

"Cha daktari mmoja wa zamani wa Ulaya, alichunguzaga ndoto za watu," mzee alijibu. "Marehemu mke wangu ananiitaga usingizini, amesimama ufukweni kule Murangi. Huyu daktari anasema anayeniita ni nafsi yangu mwenyewe, imevaa sura yake."

Mama akaguna. "Kwetu marehemu akiita, anaitikiwa. Wewe unamfukuza mwenzio hata ndotoni?"

Hilda, ambaye tangu amzike mumewe hajaota chochote, aliwaona wote wawili matajiri.

"Nikimwitikia nitamwambia nini, mama?" mzee akauliza. "Kwamba nyumba iko kimya?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Na kama ni mimi tu najiita?"

Basi likasimama njia panda ya Butiama. Mama akachukua kapu lake akashuka. Mzee akaweka begi lake kwenye kiti kilichobaki wazi, na Hilda, aliyekuwa ameshaanza kunyanyuka ahamie hapo, akakaa tena.